Saa ya Supu, Saa ya Jumuiya

Kwa muda wote niliosoma chuo, swali nililoulizwa kuliko yote halikumhusu Mungu. Watu walitaka kujua kama nasomea usista. Nikisema hapana, walinitazama kwa huruma, kana kwamba nimekiri kuwa masista wamenikataa. Msichana anakaa miaka mitatu anasoma dini na teolojia, hataki utawa, hana mchumba anayejulikana, na wala hasomei hesabu au uuguzi ambao angalau una ajira. Sasa anatafuta nini? Wanaume niliosoma nao hawakuulizwa. Wengi walikuwa mafrateri, vijana wanaosomea upadri, na frateri hata akisinzia darasani mwaka mzima, watu wanajua anakoelekea.

Madereva wa malori walikuwa na jibu lao. Walikunywa supu kwa mama yangu, kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu pale Mikumi, na waliposikia kuwa binti yake anasoma dini chuo cha Wakatoliki wakaanza kumwita mama askofu. Mimi nikawa askofu mwenyewe. Nikishuka kutoka chuoni mwisho wa juma, lazima kuna dereva atanyoosha sahani niibariki chapati kabla hajaila. Mama alijifanya kukasirika, akawaambia wamwache mtoto wake, lakini nilimwona mdomo ukimcheza.

Supu ile ndiyo iliyonisomesha. Sikuwa na mfadhili, sikuwa na shirika la watawa nyuma yangu, na baba alikufa zamani tukiwa bado Kimamba, kwenye nyumba za mashamba ya mkonge ambako babu zetu waliletwa kukata majani. Mama alihamia Mikumi kwa sababu moja tu. Kimamba watu wanakunywa chai majumbani kwao, Mikumi malori yanalala. Dereva mwenye akili hapendi kuvuka hifadhi gizani, akagonga mnyama, akaanza kuelezana na watu wa faini. Basi wanalala, na kabla hakujapambazuka wanaamka wote kwa mpigo, wanapiga mswaki wameegemea matairi, na wanataka supu. Saa hiyo ikipita imepita. Jua likishachomoza malori yameondoka, na supu iliyobaki utainywa mwenyewe.

Bahati mbaya ni kwamba saa hiyo hiyo, siku ya Jumamosi, ndiyo saa ya jumuiya.

Kwa asiye Mkatoliki wa huku kwetu ni vizuri nieleze. Familia za Kikatoliki za mtaa mmoja zinaunda jumuiya ndogo. Zinakutana Jumamosi alfajiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Wanasali, wanasoma Injili, wanaambiana nani mgonjwa na nani amejifungua, kisha kila mtu anakwenda kazini kwake. Ni jambo zuri, sikatai. Lakini pole pole limegeuka kuwa mlango ambao kila kitu kinapitia. Ubatizo unapita hapo, ndoa inapita hapo, na maiti nayo inapita hapo. Ukienda kwa padri na shida yako, hakuulizi kama unamwamini Yesu. Anakuuliza unasali jumuiya gani.

Mama hakuwa na jumuiya. Kimamba alikuwa nayo, tena alikuwa mwimbishaji, mwenye sauti ya kusikika hadi relini. Alipohamia Mikumi hakuwahi kutambulishwa kwenye jumuiya mpya, kwa sababu kutambulishwa kunataka uende Jumamosi alfajiri. Misa ya Jumapili hakukosa. Aliosha sufuria, akaoga, akaenda Misa ya pili, akakaa viti vya nyuma kabisa. Alisema ananuka vitunguu na moshi na hataki kuwatoa watu kwenye sala. Nadhani alipenda tu kukaa karibu na mlango, mahali penye upepo.

Mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wetu alikuwa mzee mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara. Alikuwa mteja wa mama. Siku za wiki alimtuma mhudumu wake na hotipoti, lakini Jumamosi alikuja mwenyewe akitoka jumuiyani, kitabu cha nyimbo kwapani, na mama alikuwa amemwekea bakuli lake pembeni, lenye mfupa. Mfupa wenye uboho madereva waliugombania. Mama aliuficha kwa ajili ya mwenyekiti.

Kila Jumamosi mzee alisema, "Leo tena hatukukuona, mama." Na mama alimjibu kwamba wangemwona huko, yeye mwenyekiti angekunywa nini. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nakata chapati pembeni na niliona ni utani wa majirani. Kumbe mmoja wao alikuwa anahesabu.

Chuoni nilikuwa na furaha ambayo sasa inanitia aibu kuikumbuka. Chuo chetu kilikuwa juu kidogo ya mji, mahali pa kimya, na mimi niliyekulia kwenye honi na kelele za injini nililala huko usingizi wa mtoto. Nilipenda kila kitu. Nilipenda manabii na hasira zao. Nilipenda historia ya Kanisa, hata ile ya mapapa waliopigana kama wenye mashamba. Na nilipenda kuliko yote somo ambalo wenzangu waliliona kavu, sheria za Kanisa, kwa sababu ya mwalimu wake.

Alikuwa padri wa makamo, mnene kiasi, mcheshi, asiyetumia maandishi. Alisimama mbele yetu, akafunga mikono kifuani, akatupa kesi. Mtu amekufa amelewa, azikwe na Kanisa au asizikwe? Aliyekuwa na wake wawili? Aliyejinyonga? Mafrateri walikuwa wepesi wa kusema asizikwe. Yeye aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Hiyo ni sheria ya Kanisa, au ni ya kijiweni kwenu?" Darasa linaangua kicheko, na frateri anakaa chini amelowa jasho.

Ndipo akatufundisha kwamba watu ambao Kanisa linawanyima mazishi ni wachache sana. Aliyeikana imani waziwazi mpaka mwisho. Mdhambi wa hadharani ambaye kumzika kungewakwaza waumini. Na hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kukata roho, wanazikwa kama watu wengine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asiyehudhuria Jumamosi alfajiri atupwe nje. Hilo alilisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na nakumbuka alikuwa ameegemea dirisha. Alisema watu wetu wamejitungia adhabu na kumbandikia Mungu.

Niliandika insha juu ya jambo hilo, naye akaisoma mbele ya darasa zima. Jumamosi iliyofuata nikaishusha kibandani na kumtafsiria mama, maana chuoni tuliandika kwa Kiingereza. Alikuwa anamenya vitunguu. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu bei ya nyama, kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mimi nitazikwa?"

Nikamwambia atazikwa, kwa Misa, na kengele.

Kengele ndiyo aliyoitaka. Kule Kimamba kigangoni kwetu, kanisa dogo lisilo na padri wake, kengele ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa, unagonga kwa chuma. Parokia yetu ya Mikumi ilikuwa na kengele halisi, na akifa muumini ilipigwa pole pole, pigo moja moja, mji mzima ukajua. Mama akiisikia aliacha kuchota. Alishika upawa juu ya sufuria, akangoja mpaka iishe, ndipo akauliza ni nani. Madereva wenye haraka walilalamika, naye hakuwajali. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba mambo mengine ya mazishi yake tutajua wenyewe, yeye anataka ile kengele. Na kwenye sanduku lake chini ya kitanda kulikuwa na kitenge cha sare ya kina mama wa Kikatoliki, kipya, hakijakatwa. Hicho nacho kilikuwa na kazi yake.

Alianguka asubuhi moja karibu na jiko, nikiwa mwaka wa mwisho. Presha. Madereva wawili walimbeba wakampeleka hospitali kwa gari lao, mzigo ukiwa juu, na kabla ya saa nne nikapigiwa simu nikiwa maktaba. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa.

Sikulia siku hiyo. Nilikuwa na kazi ya kufanya na nilijua inavyofanywa, nilikuwa nimeisomea. Kesho yake asubuhi nikavuka barabara kwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba yake ya wageni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alinipa pole, na namtendea haki nikisema pole ile ilitoka moyoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniketisha, akaagiza niletewe maji. Kisha akauliza marehemu alikuwa jumuiya gani.

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia, "Baba, wewe si unajua."

"Najua alikuwa anauza supu," alisema. "Nakuuliza jumuiya."

Alinieleza bila kupandisha sauti. Mwaka uliopita alikufa fundi pancha wa mtaani kwetu, Mkatoliki, ambaye naye hakuwahi kuonekana Jumamosi hata moja. Jumuiya ilikataa kumpeleka kwa paroko. Ndugu zake wakamzika wenyewe, bila padri. Mjane wake alilia sana, na tangu siku ile hakosi jumuiya, anakaa mbele kabisa na watoto wake. "Sasa leo nimzike mama yako," akasema, "kwa sababu binti yake ni msomi? Yule mjane nitamtazama kwa macho gani?"

Nilimchukia, na nilichukia zaidi kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Hakuwa anamwonea mama. Alikuwa anatenda sawasawa kwa wote, ndivyo alivyoona. Nikamwambia kwamba basi na fundi pancha angezikwa, kwamba walikosea mara ya kwanza na sasa wanataka kukosea mara ya pili ili ya kwanza ionekane sahihi. Nikamtajia sheria. Akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mgeni aliyelewa, kisha akanipa ushauri. Mama anajulikana Kimamba. Jumuiya ya Kimamba itoe neno kwamba ni mtu wao, na yeye hatakuwa na kinyongo.

Nikampigia simu mjomba wangu, kaka yake mama, aliyebaki Kimamba. Akachukua bodaboda mchana ule ule kwenda kwa mwenyekiti wa huko. Mwenyekiti alikuwa mpya, kijana, hakuwahi hata kumsikia mama akiimba. Alisema jina si geni, lakini mtu huyo alihama siku nyingi, na kwa utaratibu mtu anazikwa anakosali. Mjomba alinipigia kutoka njiani, upepo unavuma kwenye simu, akinirudia maneno hayo mara mbili kana kwamba mimi ndiye niliyeyatunga. Kimamba walisema ni wa Mikumi. Mikumi walisema ni wa Kimamba. Mama alikuwa mochwari.

Bado sikukata tamaa, na hapo ndipo ninapojicheka. Paroko alikuwa amesafiri kwenda Morogoro kwenye mkutano, na aliyeachiwa parokia alikuwa mwalimu wangu wa sheria, aliyekuwa akisaidia pale siku za Jumapili. Niliposikia hivyo niliona Mungu ana mpango. Nilipanda kwenda ofisini kwake karibu nakimbia. Mwenyekiti alinipa hoja za kijiweni, sasa nakwenda kwa mtu anayezivunja hoja za kijiweni kila Jumatatu na Jumatano.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikamwamkia. "Milele amina," akaitikia, na akanipokea vizuri sana. Alikuwa ameshapata habari. Nikamweleza yote, la mwenyekiti, la fundi pancha, la Kimamba. Alisikiliza amesimama, amefunga mikono kifuani vilevile kama darasani, na mimi nikangoja lile swali lake la upole. Halikuja. Alitazama nje. Akasema jambo hili ni zito, paroko akirudi wataliangalia.

Nikamwambia maiti haingoji mkutano wa Morogoro. Nikasema, "Padre, wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilikufundisha, na ulielewa kuliko wenzako wote," akasema. "Lakini darasani hakuna mwenyekiti wa jumuiya."

Akanifafanulia, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakuweza kujizuia. Yeye ni mgeni katika parokia ile. Akimruka mwenyekiti mmoja, wenyeviti wote watasusa, na parokia bila jumuiya haiendi, hata bati la paa la sakristia ni jumuiya zilizoliweka. Aliniomba nimwelewe. Aliahidi kumkumbuka mama kwenye Misa yake ya asubuhi, kimoyomoyo, bila kumtaja jina. Nilipofika mlangoni akaniita, nikageuka nikiwa na tumaini la kijinga, naye akasema ile kazi ya somo lake nisijisumbue nayo wiki hii, ananiongezea muda.

Aliyesimamia mazishi alikuwa jirani yetu wa kibandani, muuza vitunguu na nyanya, Mwanglikana kutoka milimani. Hakuniuliza kitu. Alifunga kanga kiunoni akaanza kugawa kazi. Madereva waliokuwa wamelala Mikumi usiku ule hawakuondoka alfajiri, walichimba kaburi pamoja na vijana wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, wakanywa chai ya rangi bila supu na hakuna aliyelalamika. Kwa kuwa hakukuwa na Misa ya kungoja, tukapanga kuzika kabla ya mchana ili wawahi safari zao.

Wanajumuiya nao walikuja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kama wangesusa. Walikuja mmoja mmoja, kama majirani. Walileta unga na kuni, walikaa kwenye mikeka, walinikumbatia. Mwenyekiti alikuja amevaa koti, akakaa na wanaume, akala kidogo. Hakuna aliyekuja na kitabu cha nyimbo. Tulipokuwa ndani tunamvisha mama, mama mmoja wa jumuiya akaninong'oneza kwamba kitenge kile cha sare, kwa kawaida, ni cha wanachama. Nilimwambia kama hakimfai aje amvue mwenyewe. Akarudi mkekani.

Niliongoza sala mimi. Walei, waumini wa kawaida, wanaruhusiwa kufanya hivyo pasipo na padri, hilo nalo nilifundishwa. Nilitumia kitabu cha sala cha mama, kurasa zake zimeganda kwa mafuta, na sauti yangu ikakatika pale pa kumkabidhi kwa Mungu nikalazimika kuanza upya. Wanawake wa Kianglikana walioitwa na jirani yangu waliimba nyimbo zao. Waliimba vizuri, lakini hazikuwa zile ambazo mama alizizoea. Alikuwa mwimbishaji, na kwenye kaburi lake hapakuimbwa wimbo hata mmoja alioujua.

Walipokuwa wanafukia, kengele ya parokia ikalia. Jirani yangu akanishika bega, machozi yanamtiririka, akasema, "Umesikia? Wamempigia."

Yeye ni Mwanglikana, kengele zetu hakuwahi kuzitofautisha. Ilikuwa saa sita mchana. Kengele ile hulia kila siku saa sita, kwa sala ya Malaika wa Bwana, awe amekufa mtu au hajafa. Nilimwambia nimesikia. Nikachukua konzi ya udongo nikaitupa, na watu wengi pale walirudi nyumbani wakiamini Kanisa lilimlilia mama yangu mwishoni. Kwa hiyo waliomkataa hata aibu yenyewe hawakuipata.

Nilirudi chuoni kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kurudi. Niliingia kwenye vipindi vyake, nikaketi nyuma. Aliendelea kutupa kesi zake na mafrateri waliendelea kulowa jasho. Kwenye mtihani wa mwisho kulikuwa na swali la mazishi. Ni nani anayeweza kunyimwa, kwa sababu zipi, na mchungaji ana wajibu gani kwa familia. Nililisoma mara kadhaa nikifikiri kwamba anaweza kuwa ananiomba msamaha kwa njia hiyo, au kwamba alilitoa tu kwenye mafungu ya maswali ya miaka iliyopita bila kufikiri. Hadi leo sijui, na sijamuuliza.

Nilijibu kila kipengele. Ningeweza kuandika habari ya mochwari na kitenge. Sikuandika. Nilimpa sheria yake yote, kwa utaratibu, kama alivyotufundisha, na nilitumaini kila mstari utamchoma. Kama ulimchoma, hakuonyesha. Alinipa alama za juu kuliko mtu yeyote darasani, na kwa alama hizo nikapata zawadi ya mwanafunzi bora wa somo, na kwa zawadi hiyo nikatangazwa kanisani.

Ilikuwa Misa ya shukrani ya wahitimu, Jumapili, parokiani. Tuliitwa mbele tuliokuwa wenyeji wa Mikumi, watatu tu. Wenzangu walisindikizwa na wazazi wao. Mimi nilisimama peke yangu, na sikuwa nimetarajia zaidi ya hapo. Mara nikaona watu wanainuka upande wa kulia, wanawake kwa wanaume, wanakuja wakicheza taratibu na vigelegele vinapigwa. Mbele yao alikuwa mwenyekiti. Alichukua kipaza sauti akalitangazia kanisa zima kwamba jumuiya yao ina furaha kubwa, na inampongeza binti wa jumuiya, aliyelelewa mikononi mwao, aliyewatoa kimasomaso. Kisha mama yule yule aliyeninong'oneza siku ya msiba akanifunika mabegani kitenge kipya cha sare.

Nilisimama nacho. Kilinuka harufu ya dukani. Kilikuwa kile kile nilichomzikia mama, maua yale yale. Mwalimu wangu alikuwa amekaa altareni, ndiye aliyesaidia kuongoza Misa, na alikuwa anapiga makofi.

Mwenyekiti akanipa kipaza sauti nitoe neno la shukrani. Nikawaamkia wote, Tumsifu Yesu Kristo, wakaitikia kwa sauti kubwa. Nikamgeukia yeye, nikauliza, "Baba, mama yangu alikuwa jumuiya gani?"

Mtoto aliyekuwa analia nyuma alisikika hadi mbele. Altareni makofi yaliisha, na mwalimu wangu akaanza kutafuta ukurasa kwenye kitabu. Mzee alinitazama, na kwa kitambo nilidhani atajibu. Kisha akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akawaambia watu binti bado ana uchungu, tumwelewe. Hilo, akasema, tutaliongea Jumamosi, jumuiyani. Mwalimu wa kwaya akapiga kinanda.

Kitenge nilikiacha kwenye benchi.

Watu huniuliza siku hizi digrii ile imenisaidia nini. Imenipa vipindi vya dini kwenye shule ya sekondari hapa jirani, na Kiingereza cha kubishana na wageni. Kibanda nacho sikukifunga. Siku za wiki nimemwajiri mtu, Jumamosi nachota mwenyewe. Madereva bado wananiita askofu, ila hawanyooshi tena sahani. Jumuiya sina. Nikifa kesho, nitakuwa pale pale alipokuwa mama, na nalijua hilo kila ninapokoka moto.

Jumamosi ile ya kwanza baada ya Misa ya wahitimu walikutana nyumbani kwa mjane wa fundi pancha, nyuma tu ya kibanda. Niliwasikia wakiimba. Mmoja wa madereva akaniuliza kama hao ni watu wangu, nikamwongezea pilipili. Jua lilipoanza kutoka nikamwona mwenyekiti anavuka barabara, kitabu cha nyimbo kwapani, akikwepa lori la mwisho. Akaja akakaa kwenye ile pembe yake ya siku zote. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Alifuta meza kwa kiganja, akatazama chini, akatazama barabara.

"Leo hatukukuona, binti," alisema.

Nikachukua bakuli lake, nikamchotea supu. Mfupa sikumpa.